Chora meli kwanza: namna ya kuunda modeli ya antena za manowari kwenye kompyuta

Modeli yangu ya kwanza ya antena ya manowari ilikuwa na waya mmoja tu: antena ya fimbo ya mita 10.7, imesimama wima juu ya bahari tambarare. Kompyuta ilinipa duara safi la mnururisho, yaani nguvu ya redio inayotoka kwenye antena, sawa pande zote, nami nikawapelekea mabaharia karatasi ile nikiwa na imani nayo kabisa. Wao walikuwa na lalamiko moja: karibu na megahezi 3.5, vituo vilivyokuwa nyuma ya meli havikuwasikia. Walishabadilisha redio, wakabadilisha kebo, wakafungua tyuna, kile kifaa cha kuoanisha redio na antena, mara mbili. Karatasi yangu ikawaambia hakuna tatizo. Tatizo lilikuwepo, limesimama mita 6 kutoka kwenye antena, upande wa tezi, yaani nyuma ya meli: mlingoti wa chuma wenye urefu wa mita 22.

Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha humwekea jambo moja mbele ya mengine yote. Katika masafa ya megahezi 2 hadi 30, antena ni meli nzima. Ile fimbo iliyofungwa sitahani ni mahali tu unapoishikia meli ili kuipa umeme. Mkondo unapanda fimbo, lakini pia unatambaa sitahani, unashuka ubavuni hadi majini, unapanda mlingoti na kuzunguka dohani. Ukiichora fimbo ukaiacha meli, umechora kitu ambacho hakipo baharini.

Sababu yake ni hesabu fupi. Gawanya 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 2 ni mita 150, megahezi 30 ni mita 10. Vipimo vya meli viko humo humo. Chuma chochote kilichosimama juu ya sitaha, kikiwa na urefu wa robo ya wimbi, kitaitikia kama kundi linavyompokea anayeanzisha wimbo. Mlingoti wa mita 22 ni robo ya mita 88, yaani megahezi 3.4. Kwa vile chuma kina unene, kilele chake halisi huwa chini kidogo, kama 3.3. Utaitikia tena karibu na mara tatu ya hapo, kwenye megahezi 10. Na kuna jambo la kuvutia zaidi: chini kidogo ya kilele, mlingoti huvuta mnururisho upande wake, juu kidogo ya kilele huusukuma upande wa pili. Antena ikiwa mbele ya mlingoti, nayo inafanya kazi megahezi 3.5, mnururisho unasukumwa kuelekea omo, yaani mbele ya meli, na upande wa tezi unabaki na pengo. Mabaharia walikuwa wakisema kweli tupu.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mikono. Jeshi la majini la Marekani, huko San Diego, lilitengeneza vielelezo vya manowari kwa shaba nyeupe, vidogo mara 48 kuliko meli zenyewe, na kuvipima juu ya uwanja wa chuma uliokuwa badala ya bahari. Meli ikipunguzwa mara 48, masafa huongezwa mara 48: megahezi 2 inakuwa 96, na 30 inakuwa 1,440. Ni njia nzuri na ya kweli, ila kila ukitaka kusogeza antena lazima uchukue koleo na lehemu. Mwaka 1981 maabara ya Lawrence Livermore, California, ilitoa programu ya NEC-2, kazi ya Gerald Burke na Andrew Poggio, na jeshi hilo la majini lilikuwa miongoni mwa waliogharamia. Kwa hiyo ukiitumia kwa manowari, unaitumia kwa kazi iliyozaliwa nayo. Leo inapatikana bure: wenye Windows hutumia 4nec2, wenye Linux hutumia xnec2c. Ndani yake bado mistari ya faili inaitwa kadi, kwa sababu iliandikwa enzi za kadi za kutobolewa, na kila kadi inaanza na herufi mbili.

Ni vizuri kujua inafanya nini kabla ya kuiamini. Inachukua kila waya uliouchora, inaukata vipande vifupi, kisha inatafuta mkondo wa kila kipande kwa sharti moja kubwa: uga wa umeme kwenye uso wa chuma, ukifuata urefu wa waya, lazima uwe sifuri. Vipande 1,000 vinaleta milinganyo 1,000 yenye mafumbo 1,000. Ikishapata mikondo, mengine yote, yaani impidensi (upinzani wa antena kwa umeme wa redio), ramani ya mnururisho, uga ulio karibu na watu, yanatokana na mikondo hiyo. Ndiyo maana mimi hutazama mikondo kwanza, na ile ramani nzuri ya rangi baadaye.

Anza na utepe wa kupimia

Usianze na michoro ya kiwandani peke yake. Meli huongezewa vitu: kontena limechomelewa nyuma, winchi mpya, mlingoti wa pili wa kushikilia antena ya setilaiti. Nenda mwenyewe na utepe wa kupimia. Andika urefu wa kila kitu cha chuma kinachozidi mita 2.5, yaani robo ya wimbi kwenye megahezi 30, na mahali kilipo. Kamba za chuma zinazoshikilia mlingoti zitazame kwa makini: zina vihami katikati, au zimeungana moja kwa moja hadi sitahani? Jibu hilo linaweza kubadilisha modeli nzima, na sijaona mchoro hata mmoja unaoliandika sawasawa. Uliza pia meli inazama kiasi gani ikiwa na mafuta tele na ikiwa nusu tupu.

Kisha chukua karatasi ya miraba. Chora meli kutoka juu na kutoka ubavuni, mraba mmoja uwe mita moja. Najua wapo wanaoingiza mchoro wa kompyuta wa wajenzi na kuubadilisha moja kwa moja kuwa nyaya. Mimi nawakataza wanafunzi wangu. Mchoro wa wajenzi una ngazi, milango, bawaba na vitasa, vitu visivyo na maana kwa wimbi la mita 50, lakini kila kimoja kitazaa vipande vifupi mno ambavyo programu haivipendi. Kipande kikiwa kifupi kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya wimbi, hesabu huanza kuharibika. Karatasi inakulazimisha kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Weka mhimili wa x uelekee omo, y uelekee upande wa kushoto wa meli, z uelekee juu, na z sifuri iwe uso wa maji. Zipe nyaya namba kwa mafungu: mbavu za meli 100 na kuendelea, sitaha 200, chumba cha usukani 300, milingoti 400, antena 1 hadi 20. Baada ya miezi sita, ukifungua faili yenye mistari 900, utajishukuru.

Bahari

Hii ni sehemu nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha simensi 4 hadi 5 kwa mita. Kwa kiasi hicho, wimbi la megahezi 2 hupenya kama sentimita 16 tu kabla ya kudhoofika, na la megahezi 30 sentimita 4. Maana yake ni kwamba sehemu ya meli iliyo chini ya maji haihusiki kabisa. Usiuchore mkuku. Usichore usukani wala rafadha. Mbavu zishuke wima hadi z sifuri zikomee hapo.

Kwa hesabu za impidensi na mikondo, ichukulie bahari kuwa bamba kamilifu, kadi ya GN 1, na GE 1 ili nyaya zinazogusa maji ziungane na bahari. Usitumie ardhi halisi ya NEC-2 kwa nyaya zinazogusa maji. Programu hii haihesabu vizuri waya unaoingia kwenye ardhi yenye hasara. Na kosa moja ninalolikuta mara kwa mara: mtu analaza waya wa ulalo juu ya z sifuri yenyewe, akidhani anachora mstari wa maji. Waya huo unalala juu ya kivuli chake na hesabu inavurugika. Nyaya za wima ziguse maji. Za ulalo zianzie juu.

Modeli ya vijiti

Kabla ya meli yote, fanya hii. Inachukua dakika tano, na ndiyo ingeniokoa mimi mara ya kwanza.

```
CM Antena ya fimbo na mlingoti, bahari kamilifu
CE
GW 1 11 0 0 0 0 0 10.7 0.05
GW 401 23 -6 0 0 -6 0 22 0.1
GE 1
GN 1
EX 0 1 1 0 1 0
FR 0 29 0 0 2 1
RP 0 19 73 1001 0 0 5 5
EN
```

Kadi ya GW ni waya: namba yake, idadi ya vipande, ncha ya kwanza kwa x, y na z, ncha ya pili, halafu nusu kipenyo, vyote kwa mita. EX inaweka chanzo cha umeme kwenye kipande cha 1 cha waya namba 1. FR inaanza megahezi 2 na kupanda moja moja hadi 30. RP inachora ramani kila nyuzi 5, kutoka utosini hadi upeo wa macho na kuzunguka pande zote.

Iendeshe kwanza bila mstari wa 401. Antena pekee inapaswa kutulia, yaani riaktansi (sehemu ya impidensi isiyotumia nguvu) kuwa sifuri, chini kidogo ya megahezi 7, ikiwa na ukinzani karibu na omu 36. Usipopata hivyo, simama utafute kosa, usiendelee mbele. Kisha rudisha mlingoti, na badala ya hatua ya megahezi 1 tumia 0.05 kati ya 3 na 4. Utaona ukinzani unayumba ghafla, na duara la mnururisho linabonyea upande mmoja kisha upande wa pili kadiri unavyopita kilele. Katika hatua ya megahezi 1 unaweza kulivuka jambo hilo lote bila kuliona. Milingoti haisubiri namba kamili.

Ongeza sasa kijiti kimoja kimoja: dohani, mlingoti wa pili, kreni. Andika kila kimoja kinaitikia wapi. Unapomaliza utakuwa na orodha ya masafa ya kuogopa, na wavu mkubwa utakaoujenga baadaye hautakushangaza.

Wavu

Meli imefunikwa kwa mabamba, nayo programu inajua nyaya. Dawa ni wavu. Wimbi halioni tundu dogo. Jicho la wavu likiwa sehemu ya kumi ya wimbi au chini ya hapo, wavu unafanya kazi ya bamba. Kwa megahezi 30 jicho ni mita 1. Kwa megahezi 15 ni mita 2.

Hesabu gharama kabla ya kusuka. Chukua meli ya doria yenye urefu wa mita 60, upana 9, ubavu mita 4 juu ya maji, na jengo la juu la mita 20 kwa 7 lenye kimo cha mita 6. Eneo lote la chuma ni kama mita za mraba 1,550. Kila jicho linagharimu vipande viwili. Kwa jicho la mita 2 unapata vipande karibu 775. Kwa jicho la mita 1, karibu 3,100. Kila jozi ya vipande inachukua baiti 16 kwenye matriksi, yaani jedwali la milinganyo, hivyo ya kwanza inakula megabaiti 10 na ya pili kama 154. Kompyuta yoyote ya leo inabeba zote mbili. Kinachouma ni muda: kutatua matriksi hupanda kwa mchemraba, kwa hiyo vipande mara nne ni muda mara 64, na unarudia kwa kila hatua ya masafa. Mimi husuka nyavu mbili za meli ile ile, mmoja wa macho ya mita 2 kwa megahezi 2 hadi 15 na mwingine wa mita 1 kwa yanayobaki. Kwenye 15 nazilinganisha. Zikikubaliana, nalala vizuri.

Unene wa nyaya za wavu si wa kubahatisha. Kanuni tunayotumia ni kwamba uso wa nyaya za mwelekeo mmoja ulingane na uso wa bamba zinaloliwakilisha. Inakuja hivi: nusu kipenyo ni jicho gawanya kwa 6.28. Jicho la mita 2 linadai nusu kipenyo cha sentimita 32, la mita 1 sentimita 16. Waya mnene namna hiyo unatisha ukiutazama kwenye skrini, ila ukiufanya mwembamba meli inakuwa na induktansi (upinzani wa waya kwa mkondo unaobadilika) ambayo meli ya kweli haina, na kila kilele kinahama.

Sasa yale yanayowaponza watu. Nyaya mbili zinaungana pale tu ncha ya kipande inapokutana na ncha ya kipande. Waya unaopita juu ya mwingine katikati ya kipande haujaungana, hata kama kwa macho zimegusana. Kwa hiyo kila fundo la wavu liwe mwisho wa kipande kwa nyaya zote zinazokutana hapo. Tumia namba zisizo na desimali ndefu; ukiandika 6.67 upande mmoja na 6.666 upande mwingine unaweza kuwa na mpasuko katikati ya sitaha.

Unaweza kuchora nusu ya meli na kuakisi kwa kadi ya GX 500 010, ukaokoa kazi nyingi. Lakini nyaya zilizo kwenye mstari wa katikati, ambako y ni sifuri, zisiwemo katika nusu hiyo, kwa kuwa zitaakisiwa juu yao zenyewe na kuwa mbili mahali pamoja. Ziongeze baada ya GX. Sitaha iliyo chini ya jengo usiichore. Humo ndani hamna mkondo wa kukuhusu. Chora kuta na paa, na kuta ziungane na fundo za sitaha pande zote.

Reli za pembeni na nyavu za usalama naziacha, isipokuwa karibu kabisa na antena. Ngazi naziacha siku zote.

Mguu wa antena

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo impidensi inapotoka vibaya na mtu akailaumu programu. Antena yako ina nusu kipenyo cha sentimita 5. Wavu una sentimita 32. NEC-2 haivumilii vizuri waya mwembamba ukiunganishwa ghafla na mnene, na chanzo cha umeme kiko hapo hapo penye mwungano.

Fanya hivi. Chagua fundo la wavu lililo karibu zaidi na mahali halisi pa antena. Ukilazimika, hamisha fundo, usiihamishe antena. Kuzunguka fundo hilo, kwa jicho moja kila upande, badilisha nyaya ziwe na unene wa antena, na uzikate vipande vyenye urefu sawa na vya antena. Ongeza nyaya mbili za mshazari ili sitaha chini ya mguu isiwe na macho makubwa, nazo zikate na kuziunganisha vivyo hivyo. Chanzo kiweke kwenye kipande cha chini cha antena, na kipande cha juu yake kiwe na urefu na unene ule ule. Kisha jaribu: kata antena vipande 11, halafu 15, halafu 19, ukibadilisha na vile vya sitaha vilingane. Ukinzani ukibadilika chini ya asilimia chache, mguu umekaa. Ukiendelea kupanda au kushuka kila mara, usiutumie.

Kama antena imeketi juu ya kihami chenye kimo kinachoonekana, na waya wa kutoka tyuna unapanda mita moja ubavuni mwa jengo kabla ya kuifikia, basi waya huo nao ni antena. Uchore. Nimeona meli ambayo waya huo ulikuwa na urefu wa mita 3, umepita nyuma ya bomba la hewa, na kwenye megahezi 20 ulikuwa unanururisha kuliko fimbo.

Usiamini bado

Modeli inayotoa picha nzuri si lazima iwe ya kweli. Kipimo changu cha kwanza ni wastani wa mnururisho. Ile 1 ya mwisho katika 1001 kwenye kadi ya RP inaiamuru programu ijumlishe nguvu zote zinazotoka na kuzilinganisha na zilizoingia. Juu ya bahari kamilifu, bila hasara yoyote, jibu liwe 2. Likiwa kati ya 1.9 na 2.1 naendelea. Likiwa 1.4 kuna kosa, na mara nyingi liko kwenye mguu wa antena. Lakini kumbuka kwamba jibu la 2 halithibitishi kuwa umechora meli sahihi. Linathibitisha tu kwamba hesabu yenyewe haijapoteza nguvu njiani.

Cha pili, tazama mikondo. Sitahani iwe mikubwa karibu na mguu na ipungue polepole. Ukiona fundo moja lenye mkondo mkubwa mno katikati ya paa, au mstari ambao mkondo unakatika ghafla, kuna nyaya zisizoungana. Cha tatu, sogeza wavu. Badilisha jicho kutoka mita 2 hadi 1.5 uone kama vilele vinahama.

Kusoma majibu

Redio za meli, kwenye antena za masafa mapana, kwa kawaida hutakiwa kupata uwiano wa mawimbi simama usiozidi 3 kwa 1. Kwenye 3 kwa 1, robo ya nguvu inarudishwa. Fimbo ya mita 10.7 peke yake haiwezi kutimiza hilo kutoka 2 hadi 30, ndiyo sababu ina tyuna miguuni. Manowari kubwa hugawa kazi: antena za nyaya zilizotandazwa kama kipepeo kwa megahezi 2 hadi 6, nyingine kwa 4 hadi 12, nyingine kwa 10 hadi 30. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, anza na ile ya chini kabisa; ndiyo inayodai nafasi, nayo ndiyo meli inaiathiri zaidi.

Tazama mwinuko pia, usiangalie duara la upeo wa macho peke yake. Fimbo ya mita 10.7 ikipita megahezi 17 au 18 inakuwa ndefu kuliko nusu wimbi na ziada, na nguvu yake kubwa inaanza kuinuka juu ya upeo. Ikiwa imewekwa juu ya paa la jengo, jengo lenyewe linaongeza urefu na jambo hilo linaanza mapema zaidi. Kwa mawasiliano ya karibu kupitia mawimbi yanayoruka angani, utahitaji nguvu inayokwenda karibu wima, na fimbo wima haina nguvu huko; afadhali waya wa ulalo au fimbo iliyolazwa.

Halafu kuna watu. Kadi ya NE inakupa uga wa umeme mahali popote utakapotaja. Mimi hupima kimo cha kichwa cha mtu kando ya antena, uwanja wa helikopta, na mahali pa kujazia mafuta, nikiweka nguvu halisi ya redio. Kreni nayo ichore mara mbili: ndoano ikiwa juu, na ndoano ikiwa imeshushwa hadi karibu na sitaha. Ndoano iliyoshuka, pamoja na kamba yake ya chuma na mkono wa kreni, ni duara lililokatika mahali pamoja, na volti zote zinakusanyika kwenye mwanya ule. Baharia anayeishika wakati redio inatuma anaungua mkono. Nimeona mkono uliounguzwa hivyo, na modeli ya dakika ishirini ingeonyesha masafa ya kukwepa. Yaandike kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Mpaka wa zana hii ujue pia. Kwenye megahezi 300 wimbi ni mita 1, jicho lingekuwa sentimita 10, na meli ile ya doria ingedai vipande zaidi ya 300,000. Huko na kwenye rada hutumika njia nyingine zinazofuata miale ya mawimbi na namna inavyopinda kwenye kingo. Usijaribu kulazimisha.

Peleka kipimo melini

Modeli isiyopimwa ni maoni. Chukua kipima impidensi, kifunge kwenye mguu wa antena, baada ya tyuna, upande wa antena, na si mwisho wa kebo, upime kila nusu megahezi, na kila sehemu 1 ya 20 ya megahezi karibu na vilele ulivyotabiri.

Lakini usipime gatini. Safari moja modeli na kipimo vilipishana vibaya kati ya megahezi 4 na 5, na nilikaa siku mbili nikitafuta kosa kwenye wavu. Kosa halikuwa kwenye wavu. Kando ya meli kulikuwa na kreni ya bandari, ndefu karibu na mita 16. Meli ilipotia nanga mbali na gati nilipima tena, na mistari miwili ikalala karibu juu ya mwenzake. Tangu hapo naomba meli iwe imetia nanga, kina cha kutosha, milango ya chuma imefungwa, na kreni imelazwa kama ilivyo kwenye modeli.

Ile manowari ya kwanza, tulijaribu kwenye kompyuta mahali patatu pa kuweka antena ya masafa ya chini. Mahali pa kwanza pengo lilihama tu kutoka tezi kwenda ubavu wa kulia. Pa pili, juu ya paa, impidensi haikuweza kusawazishwa na tyuna iliyokuwepo. Pa tatu, karibu na omo, mbali na mlingoti, pengo halikuisha lakini lilijaa kiasi cha kutosha. Antena ikahamishwa huko. Faili ya siku hiyo bado ninayo. Katika kadi za CM za juu, ambazo ni za maelezo tu, niliandika tarehe, kina meli ilichozama, mahali ndoano ya kreni ilipokuwa, na nani alipima. Kila faili unayoihifadhi iwe na mistari hiyo minne.